Jinsi ya kujua PM2.5 ya Nairobi ina nini ndani: mwongozo kamili kuanzia filta tupu hadi hesabu ya mwisho

PM2.5 ni zile chembe ndogo za hewani zenye maikromita 2.5 au chini, na ukitaka kujua zina nini ndani kuna mahali watu wanakwama kila mara, na ni palepale. Mtu amekusanya filta 30 juu ya paa, amezipeleka maabara, amelipa pesa yake, halafu majibu yanarudi na salfeti iko chini ya sifuri, kaboni imejaa kwenye filta ambayo haikuwahi hata kuona hewa ya nje, ama jumla ya kemikali zote inapita uzito wa vumbi lenyewe. Basi anaanza kulaumu maabara.

Mara nyingi maabara haina kosa. Filta iliharibika kabla haijafika huko, iliharibikia kwenye paa au kwenye mkoba au mezani kwako, na hakuna mashine duniani itakayorudisha kile ulichopoteza hapo. Kwa hivyo hapa nitakaa sana kwenye mambo ya mikono na paa, mambo ya mashine nitayapitia haraka.

Jambo moja kwanza. Vile visensa vidogo vya leza ambavyo watu wamefunga kwenye balkoni vinakuambia kiasi tu, havikuambii ni nini. Masizi ya lori la dizeli, vumbi la barabara ya murram na moshi wa jiko la makaa, kwake yote ni mwanga unaotawanyika. Ukitaka kutofautisha lazima uzishike chembe zenyewe kwenye filta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sampla mbili za PM2.5 (mashine zinazovuta hewa na kuipitisha kwenye filta) zinazofanya kazi bega kwa bega, au moja yenye njia mbili. Zile za kawaida zinavuta lita 16.7 kwa dakika, zile ndogo za betri lita 5.
- Filta za PTFE (teflon) za milimita 47, zenye pete pembeni. Hizi ni za uzito na elementi.
- Filta za nyuzi za kwotsi (quartz) za milimita 47. Hizi ni za kaboni, na kipande chake ni cha ayoni, yaani chembe zenye chaji kama salfeti na naitreti.
- Flomita inayosoma mtiririko halisi wa hewa, pamoja na kipimajoto na kipima mgandamizo wa hewa.
- Mizani inayosoma hadi maikrogramu 1, na kifaa cha kuondoa umeme tuli.
- Vibano vya plastiki au vilivyopakwa PTFE, glavu za naitrili zisizo na poda, visahani vya petri vyenye kifuniko, foili ya alumini.
- Tanuru ya kufika nyuzi 550, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kuleboksi na vibarafu vyake.
- Daftari na penseli. Usitumie marka, ile harufu ya marka ni kaboni ya oganiki na kwotsi inaimeza.

Mizani na tanuru si lazima ununue. Omba kutumia za chuo au za maabara, ila uwe umeshapangiwa siku kabla ya kupanda paa.

## Hatua ya 1: Amua swali lako

Filta moja haijibu kila kitu. PTFE imetengenezwa kwa kaboni, kwa hiyo huwezi kuitumia kupima kaboni. Kwotsi imejaa silikoni, kwa hiyo vumbi la udongo hutalipata hapo, tena inamomonyoka kingo kila ukiigusa na kibano, kwa hiyo uzito wake hauaminiki. Ndiyo maana nimesema sampla mbili. Ukiwa na moja tu, chagua: unataka elementi au unataka kaboni? Usijaribu kubadilisha filta siku moja hii, siku ya pili ile, halafu ujumlishe kana kwamba ni hewa moja. Hewa ya Jumapili Jogoo Road si hewa ya Jumatatu.

## Hatua ya 2: Tayarisha filta za kwotsi

Zipange kwenye foili ndani ya tanuru, choma nyuzi 550 kwa masaa manne au zaidi. Sababu ni kwamba kwotsi mpya kutoka kwenye boksi tayari imenyonya mvuke wa oganiki, na usipoichoma utapima kiwanda chake badala ya Nairobi.

Zikipoa, funga kila moja kwenye foili ambayo nayo imechomwa, weka kwenye kisahani, peleka friza. Kwa kila fungu ulilochoma toa moja ipimwe kaboni kabla hujatumia zingine. Ikiwa bado ina kaboni ya maana, rudia fungu zima.

Filta za PTFE hazichomwi. Zishike kwenye mwanga moja moja, ukiona tundu, mkunjo au pete iliyoachia, weka kando.

## Hatua ya 3: Uzito wa kwanza

Acha filta za PTFE kwenye chumba cha mizani kwa masaa 24, joto nyuzi 20 hadi 23, unyevu asilimia 30 hadi 40. Ukikosa chumba kama hicho usipime tu kwa sababu umechoka kusubiri, kwa sababu chumvi kama salfeti ya amoniamu inanyonya maji hewani na mwezi wa Aprili mvua ikinyesha utakuwa unapima maji.

Pitisha kila filta kwenye kifaa cha umeme tuli. PTFE inajaa umeme tuli vibaya sana, utaona namba kwenye mizani inatembea yenyewe haitulii. Ukiona hivyo usiandike, rudi nyuma. Pima kila filta mara mbili, na kila baada ya filta 10 pima jiwe la uzito unaojulikana.

Utajua umefaulu ikiwa vipimo viwili vya filta moja vinapishana kwa maikrogramu chache tu. Kumbuka unatafuta kitu kidogo mno: hewa yenye maikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo, ukiivuta kwa lita 16.7 kwa masaa 24, inakuachia kama maikrogramu 480 kwenye filta. Kwa sampla ya lita 5 ni 144 tu. Alama ya kidole inatosha kukuharibia hesabu.

## Hatua ya 4: Mahali pa kuweka

Mdomo wa sampla uwe kati ya mita 2 na 15 kutoka chini, mbali na ukuta angalau mita 2, na hewa iweze kufika kutoka pande nyingi. Haya yako kwenye kila mwongozo. Yasiyokuwepo ni haya ya kwetu.

Panda kwenye hilo paa saa kumi na mbili jioni, si saa nne asubuhi, uangalie nani anapika. Nyumba nyingi za ghorofa huku Eastlands paa ndiyo mahali pa kuanika nguo na pa kuwashia jiko, kwa sababu ndani moshi unajaa. Chini kuna mama wa mahindi choma kwenye kona, nyuma kuna caretaker anayechoma taka kila Jumamosi. Kama swali lako ni hewa ya mtaa mzima, jiko lililo mita 3 kutoka kwa sampla litakupa hewa ya familia moja. Ongea nao. Mimi nimeona kueleza watu unachofanya kunasaidia kuliko kufuli yoyote, wanakuwa walinzi wako na wanakukumbusha wenyewe, "jana usiku walichoma matairi huko nyuma, umeandika?"

Angalia pia tangi la maji na jenereta. Jenereta ya jengo ikiwaka wakati stima imepotea, na sampla yako iko kwenye betri, siku hiyo utapata masizi ya jenereta.

## Hatua ya 5: Mtiririko, na kwa nini Nairobi inadanganya

Soma hapa polepole. Hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikifia.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mgandamizo ni kama kilopaskali 82 hadi 83, wakati pwani ni 101. Sasa kuna sampla ambazo ukiandika 16.7 zinaelewa lita za kawaida, yaani za nyuzi 25 na mgandamizo wa usawa wa bahari. Hapa kwetu ili zikupe hizo, zinavuta kama lita 20 halisi kwa dakika.

Hilo linaleta kosa mara mbili. Kwanza, impakta, yaani kile kipande cha sampla kinachonasa chembe kubwa zisifike kwenye filta, imepimwa kukata chembe za maikromita 2.5 kwa lita 16.7 halisi. Hewa ikipita kwa kasi zaidi inakata mapema, karibu 2.3, na chembe zinazopotea ni zile kubwa kubwa za udongo, kwa hivyo silikoni na kalsiamu zinashuka bila wewe kujua. Pili, ukigawanya uzito kwa mita za ujazo za kawaida badala ya halisi, kila kitu kinapanda kama asilimia 20. PM2.5 inaripotiwa kwa hewa halisi ya mahali ilipopimwa.

Fanya hivi:

1. Soma joto na mgandamizo pale pale kwenye paa. Usichukue mgandamizo wa kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, ule kwa kawaida umeshageuzwa kuwa wa usawa wa bahari.
2. Weka filta chakavu ndani, funga mdomo wa sampla kwa kifuniko chake cha kupimia uvujaji, washa pampu. Mtiririko uanguke karibu sifuri. Usipoanguka, kagua mipira ya duara, gasketi na paipu. Ukimaliza achilia hewa polepole, ukiachilia ghafla filta inapasuka.
3. Weka flomita kwenye mdomo, soma mara tatu, chukua wastani.
4. Rekebisha hadi usomaji uwe ndani ya asilimia 4 ya 16.7 halisi.
5. Andika mtiririko wa mwanzo na wa mwisho kwa kila filta.

Safisha impakta na uipake mafuta yake kila siku tano za kazi au mapema zaidi wakati wa kiangazi. Ikikauka, chembe kubwa zinadunda na kuingia kwenye filta. Utaona madoa ya kahawia yametapakaa badala ya rangi moja laini.

## Hatua ya 6: Filta tupu za uwanjani

Kwa kila filta 10, beba moja ambayo itafanyiwa kila kitu isipokuwa kuvuta hewa: inapandishwa paa, inawekwa kwenye sampla, inatolewa, inarudi nyumbani. Watu wanairuka hii kwa sababu wanaona ni kupoteza filta, na mimi nasema bila hiyo huna data. Ndiyo inayokuambia ni kiasi gani kilitoka kwenye mikono yako, kuleboksi yako na hewa iliyopita wakati unafungua kisahani.

Uzito wake ukipanda zaidi ya maikrogramu 30, simamisha kazi utafute sababu. Usiendelee ukitumaini itajirekebisha.

## Hatua ya 7: Kukimbiza masaa 24

Badilisha filta kwenye chumba safi, si kwenye upepo wa paa, halafu panda na kaseti (kishikio cha filta) iliyofungwa. Glavu mpya kila mara. Usiwe umetoka kufua na jiki au kujipaka mafuta mikononi, klorini na kaboni zitaonekana. Jasho ni sodiamu na klorini.

Kuhusu saa, nawasihi sana muandike kwa masaa 24. Niliwahi kupoteza siku sita za kazi kwa sababu msaidizi wangu aliandika "saa 3" akimaanisha saa tatu asubuhi, na mimi nilipoingiza kwenye kompyuta nikaisoma kama saa 3 ya kwenye mashine, na hakukuwa na namna ya kujua zipi ni zipi maana siku zingine nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe kwa saa ya mashine. Sasa kwetu ni 09:00 basi.

Stima ikipotea usikisie. Sampla nyingi zinahesabu dakika zilizofanya kazi na jumla ya hewa iliyopita, tumia hiyo. Mimi chini ya masaa 18 naitupa, na hata ikiwa 20 naangalia ni masaa gani yalikosekana, kwa sababu ukikosa saa mbili hadi saa tano usiku umekosa majiko yote.

Karibu na barabara kama Outering au Mombasa Road wakati wa ukame, filta inaweza kujaa na mtiririko kushuka. Ukiona mtiririko wa mwisho umepungua kwa zaidi ya asilimia 10, punguza kuwa masaa 12 kwa filta.

Filta nzuri ikitoka utaijua kwa macho. Kuna duara moja la kijivu hadi jeusi, rangi imelala sawasawa, na ukingo wake ni mkali kama umechorwa kwa bikari, nje yake kweupe kabisa. Ukingo ukiwa na ukungu au mkia unaotokeza upande mmoja, hewa ilipita pembeni. Hiyo ni filta iliyovuja, iandike na uitenge hata kama iliyobaki inapendeza.

## Hatua ya 8: Kutoa na kusafirisha

Itoe ndani ya masaa machache baada ya pampu kuzima. Naitreti ya amoniamu inageuka gesi kwenye joto, kaboni nyepesi nayo vilevile, na filta iliyokaa juani juu ya mabati inapoteza vyote.

Kisahani, foili, kuleboksi yenye vibarafu, friza. Ukitumia boda boda shikilia boksi mapajani likiwa limelala, usilifunge nyuma. Vumbi likidondoka kwenye kifuniko cha kisahani limeshatoka kwenye hesabu. Na friza iwe ya kazi hiyo, isiwe na nyama ndani.

## Hatua ya 9: Uzito wa pili

Rudia hatua ya 3 bila kubadilisha kitu: chumba kilekile, mizani ileile, masaa 24. Toa uzito wa kwanza, toa kilichoongezeka kwenye filta tupu, gawanya kwa mita za ujazo halisi.

## Hatua ya 10: Maabara, kwa mpangilio huu

Elementi kwanza. Filta ya PTFE inaenda kwenye mashine ya eksirei, ile ya XRF. Haiharibu filta na inakupa alumini, silikoni, salfa, potasiamu, kalsiamu, titani, chuma, zinki, risasi na zingine. Lakini mashine nyingi zinavuta hewa yote kutoka chumba cha filta, na hapo naitreti inaondoka, kwa hivyo usitumie filta hiyohiyo kupimia naitreti baadaye.

Kaboni. Kwenye kwotsi maabara inakata kipande kidogo, mara nyingi sentimita za mraba 1.5, inakipasha moto kwa ngazi huku leza ikiangalia rangi yake, na inatenganisha kaboni ya oganiki na masizi. Uliza wanatumia utaratibu gani wa joto na uuandike, maana utaratibu tofauti unagawa hizo mbili tofauti. Usichanganye majibu ya maabara mbili kwenye grafu moja.

Ayoni. Nusu ya kwotsi iliyobaki inalowekwa kwenye maji safi kabisa, ya megaohmu 18.2, mililita 10 hadi 15, inatikiswa kwenye bafu ya mawimbi ya sauti kwa dakika 30 hadi 60, inachujwa, halafu inaingia kwenye kromatografia ya ayoni, mashine inayozitenganisha ayoni na kuzipima. Weka barafu kwenye hiyo bafu, inapata moto yenyewe. Kama unalazimika kutumia PTFE kwa salfeti, idondoshee ethanoli kidogo kwanza, bila hiyo inaelea juu ya maji kama jani na hakuna kinachotoka. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya "salfeti yangu imepotea".

Majibu yatakuja kwa sentimita ya mraba. Pima kipenyo cha lile duara la uchafu mwenyewe. Duara la milimita 40 ni sentimita za mraba 12.6, si 17.3 ambayo ni filta nzima. Nimeona ripoti iliyopitishwa na watu wanne ikiwa na kosa hili.

## Hatua ya 11: Hesabu na ukaguzi

Tuseme uzito umekupa maikrogramu 21.0 kwa mita ya ujazo. Na kemikali zimekuja hivi, zote kwa kipimo hichohicho: kaboni ya oganiki 5.0, masizi 3.0, salfeti 2.0, naitreti 0.6, alumini 0.35, silikoni 0.90, kalsiamu 0.25, chuma 0.40, titani 0.03.

- Vitu vya oganiki: 5.0 × 1.6 = 8.0. Hiyo 1.6 ni ya oksijeni na haidrojeni zilizoshikana na kaboni. Watu wanatumia 1.4 hadi 1.8, sema yako ni ipi.
- Masizi: 3.0 kama yalivyo.
- Salfeti ya amoniamu: 2.0 × 1.375 = 2.75.
- Naitreti ya amoniamu: 0.6 × 1.29 = 0.77.
- Udongo: alumini × 2.20, silikoni × 2.49, kalsiamu × 1.63, chuma × 2.42, titani × 1.94, jumla 4.44.

Yote pamoja ni 18.96, yaani asilimia 90 ya uzito. Hapo pazuri, iliyobaki ni maji, klorini na metali ndogo ndogo. Mimi nakubali kati ya asilimia 80 na 110. Ukipita 110, shuku kaboni kwanza, kwotsi inanyonya gesi za oganiki ambazo PTFE haishiki.

Kuna mitihani miwili mingine usiiache. Salfeti ya kromatografia ukiigawanya kwa salfa ya eksirei inatakiwa kuwa karibu 3, maana salfeti ni 96 na salfa ni 32. Ikiwa 2, maji hayakutoa yote. Ikiwa 4, kuna tatizo la eneo la duara ama la mashine. Halafu hesabu chaji za ayoni hasi na chanya, zikaribiane.

Ukishapita hapo ndipo uanze kusoma vyanzo. Silikoni, alumini na titani zikipanda pamoja ni udongo wa barabara. Shaba na bariamu pamoja zinaelekeza kwenye breki, zinki ni matairi na vitu vingine vingi kwa hivyo usiiamini ikiwa peke yake. Kwa moshi wa kuni na makaa toa potasiamu ya udongo kwanza: potasiamu kutoa 0.6 mara chuma. Kama potasiamu ni 0.45 na chuma 0.40, ya moshi ni 0.21. Watu wanaruka hii, na kwa udongo wetu mwekundu wa Nairobi wenye chuma jingi wanaishia kumlaumu mama wa jiko kwa vumbi la matatu. Klorini ikiruka siku moja tu, fungua daftari uone kama kuna mtu alichoma taka za plastiki. Risasi ikitokea usikimbilie petroli, Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, tazama betri chakavu, viwanda na rangi.

Ripoti kila namba na kiwango cha chini kabisa unachoweza kupima, ambacho ni mara tatu ya mtawanyiko (standard deviation) wa filta zako tupu. Iliyo chini ya hapo iandike hivyo, usiweke sifuri.

Kipande cha kwotsi kilichobaki kirudishe kwenye foili yake, namba kwenye kisahani, friza nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwakani mtu akiuliza kuhusu levoglukosani, ile sukari inayotoka kwenye moshi wa kuni, utakuwa na cha kumpimia.